Mpiga Gitaa wa Kisangani na Nadharia ya Muziki

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanakwaya na wapiga gitaa katika komini ya Makiso, Kisangani

Walionialika wamenitaka niseme kwa Kiswahili, nami nimekubali kwa furaha, ingawa najua jamaa wa Mangobo na Lubunga watanong'onezana kwa Lingala nikiwa katikati ya sentensi, na maswali ya wanafunzi yatakuja kwa Kifaransa. Yote yanakaribishwa. Nimekuja na gitaa. Umeme ukituruhusu, tutawasha ampli. Ukikataa, hili la mbao litatosha kwa wale wa mbele, na wa nyuma watasogea.

Shabaha yangu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mpiga gitaa wa mji huu tayari anayo nadharia ya muziki mikononi mwake. Anachokosa ni majina na maandishi. Na majina hayo ayatafute kwanza ndani ya sebene, ile sehemu ya gitaa na dansi, anayoipiga kila Jumamosi, ndipo baadaye afungue kitabu cha solfeji.

Nasema hivyo kwa sababu kijana wa hapa akitaka kujifunza nadharia hukutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza humwambia kwamba bila kusoma noti kwenye mistari mitano yeye si mwanamuziki, ni mchezaji tu. Humpa kitabu cha Kifaransa chenye nyimbo za watoto wa Ufaransa, na baada ya majuma machache kijana amekirudisha. Wa pili humwambia aachane na karatasi, kwani Franco, gwiji wa gitaa, hakusoma noti na dunia nzima ilicheza. Wote wawili nawaheshimu, wengine ni rafiki zangu na wamekaa humu ndani. Leo nitawapinga wote wawili.

1. Nadharia haikuja na meli

Tushuke mto kidogo, hadi Yakusu na vijiji vya Walokele. Ngoma yao kubwa ya habari haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa kupitia mwanya mwembamba, na midomo miwili ya mwanya huo ina unene tofauti, basi mmoja hulia juu na wa pili hulia chini. Sauti hizo mbili ndizo sauti za lugha yenyewe. Kilokele, kama Lingala, hupandisha na kushusha silabi, na kupanda na kushuka huko hutenganisha neno na neno. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka kwa namna ileile. Mpiga ngoma analijua tatizo hilo, kwa hiyo hapigi neno tupu. Huliongezea msemo mrefu uliozoeleka, ili mtu aliye kijiji cha pili asidhani ameitwa kwenye msiba wakati ameitwa kwenye samaki. Mmisionari Mbatisti John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu hapahapa mjini, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, Talking Drums of Africa, kilichotoka mwaka 1949.

Mtu anayejua kwamba sauti mbili hazitoshi kutofautisha maneno yote, na akatengeneza utaratibu wa kuziba upungufu huo, utaratibu unaofundishwa kwa mtoto na kueleweka vijiji kadhaa, huyo ana nadharia. Hakuiandika, lakini anayo. Na watunzi wetu wa nyimbo za Lingala wanaitumia hadi leo bila kuitaja: melodia ikipanda pale neno linaposhuka, sikio la msikilizaji hukwama.

Mfano wa pili uko kusini, Katanga. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Wimbo wake Masanga ukaenda mbali. Kidole gumba na kidole cha shahada, gitaa moja, na msikilizaji anadhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi mrefu wa upigaji wa Bosco. Aliandika noti moja baada ya nyingine, mzunguko baada ya mzunguko, na karatasi ikaonyesha jambo ambalo wapiga gitaa walikuwa wakilisikia tu: Bosco habaki pale alipokuwa. Mzunguko ni uleule, lakini kila unaporudi kuna kitu kidogo kimesogezwa, noti imekuja mapema au besi imeruka mahali.

Sasa naomba mfikiri nami. Maarifa yale yalitoka kwenye vidole vya Mkongo anayeimba Kiswahili. Yakaandikwa kwa ustadi, yakachapishwa, yakasomwa na wasomi wa nchi nyingine. Vijana wangapi wa Likasi, au wa Kisangani, waliweza kukaa na kurasa zile na kuzipiga? Bosco alifariki mwaka 1990. Vidole vyake tumezika. Karatasi ipo, nasi tumebaki nje ya mlango wake.

2. Shingo la gitaa limepimwa

Hoja hii ni fupi, na nimeiweka kwa ajili ya wale watoto wanaojitengenezea gitaa kwa ubao na mkebe. Mnawajua. Wengine ni watoto wenu.

Chukua gitaa ambalo uzi wake, kutoka kijifupa cha kichwani hadi darajani, una sentimita 65. Chuma cha 12 kimekaa katikati kabisa, sentimita 32 na nusu. Uzi uliokatwa nusu hutoa sauti ileile, juu zaidi. Chuma cha 7 kiko karibu na theluthi moja ya uzi, yaani sentimita 21.6 kutoka kichwani, na hapo unapata sauti ya tano. Chuma cha 5 kiko karibu na robo, sentimita 16.3, na hapo unapata sauti ya nne. Gusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12, cha 7 au cha 5, bila kuukandamiza, kisha upige. Mnasikia kengele ile? Uzi wenyewe unakubali kugawanyika mara mbili, mara tatu, mara nne.

Sauti ya kwanza, ya nne na ya tano ni zipi katika sebene? Ndizo akodi tatu tunazozunguka usiku kucha. Mtoto anayepachika vyuma vyake kwa kukisia atapata gitaa linalolia kama ugomvi. Akipewa vipimo hivi na rula ya shule, atapata gitaa linalokubaliana na la mwenzake. Baba mwenye karakana ya useremala anaweza kulifundisha somo hili leo jioni.

3. Mkono unajua njia mbili, nadharia inasema lini upite ipi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo utamu wa gitaa letu ulipo.

Tangu Docteur Nico Kasanda alipokuwa katika okestra ya African Jazz, na kaka yake Déchaud kwenye gitaa la kusindikiza, mpiga solo wa Kikongo hupenda kwenda na sauti mbili pamoja, moja ikitembea juu ya nyingine kwa umbali wa tatu au wa sita. Kila kijana wa hapa anaweza kufanya hivyo. Mwambie akueleze, atakuonyesha mkono: “Kuna namna hii, na kuna namna hii.” Ni kweli, namna ni mbili tu. Tuzitazame kwenye uzi wa pili na wa kwanza, yaani si na mi.

Tupande ngazi ya do. Do iko uzi wa pili, chuma cha 1. Mwenzake ni mi, uzi wa kwanza ukiwa wazi. Tofauti ni chuma kimoja. Sogea kwenye re, uzi wa pili chuma cha 3. Mwenzake ni fa, uzi wa kwanza chuma cha 1. Tofauti sasa ni vyuma viwili. Mi na sol: chuma cha 5 na cha 3, tofauti viwili. Fa na la: cha 6 na cha 5, tofauti kimoja. Sol na si: cha 8 na cha 7, kimoja. La na do: cha 10 na cha 8, viwili. Si na re: cha 12 na cha 10, viwili. Kisha do ya juu, tumerudi kwenye kimoja.

Vijana wa solo, hebu semeni nami: kimoja, viwili, viwili, kimoja, kimoja, viwili, viwili. Tena. Mzee wa pale nyuma anacheka kwa sababu amekuwa akifanya hivyo tangu enzi za Zaire bila kuhesabu.

Sasa angalieni pale penye kimoja: do, fa na sol. Ndizo sauti ya kwanza, ya nne na ya tano. Hapo umbali wa tatu ni mpana, nusu sauti nne, nayo akodi inayojengwa juu yake ni akodi kubwa. Pale penye viwili, re, mi, la na si, umbali ni mwembamba, nusu sauti tatu. Juu ya re, mi na la hujengwa akodi ndogo, zile zenye huzuni kidogo ambazo rumba ya polepole huzipenda kabla ya sebene kufunguka. Ya si ina tabia yake ya kutotulia, na leo tutaipita. Kwa hiyo kijana ambaye vidole vyake vinapanda ngazi kwa sauti mbili anabeba tayari orodha ya akodi zote za wimbo. Hajui tu kwamba anaibeba. Siku mwimbaji akimwambia, “Yaya, leo koo linauma, shusha,” aliyejifunza kwa mkono peke yake hutafuta upya kila mahali. Aliyejifunza ule mpangilio huuhamisha wote, kwa kuwa mpangilio haubadiliki hata do ikihama.

Mfano mwingine, wa akodi mbili. Piga sol ya saba kwa nyuzi zilizo wazi, kisha piga do. Mnasikia jinsi ya kwanza inavyodai ya pili? Walimu wetu huita hiyo “kurudi nyumbani” na kuishia hapo. Tazameni vidole. Katika sol ya saba, uzi wa kwanza uko chuma cha 1, ni fa, na uzi wa pili uko wazi, ni si. Katika do, uzi wa kwanza umefunguliwa, ni mi, na uzi wa pili umekandamizwa chuma cha 1, ni do. Fa imeshuka nusu sauti, si imepanda nusu sauti, na zimesogeleana. Mvuto wote ule tunaousikia kifuani ni kazi ya nusu sauti mbili. Ukilijua hilo unaweza kutengeneza mvuto huo popote shingoni, kwa nyuzi mbili tu, huku mpiga kusindikiza akishughulika na yake.

Nitaje na gitaa la mi-solo, maana wageni huliona kama gitaa la tatu lisilo na kazi. Mafundi wetu waliondoa uzi wa nne, ule mnene wa re, wakaweka mahali pake uzi mwembamba wenye re ya juu. Wamefanya nini? Akodi ileile, vidole vilevile, lakini mpangilio wa sauti kutoka chini kwenda juu umevurugwa kwa makusudi, ili gitaa hilo likae katikati, lisigombane na besi wala kumfunika solo. Kitabu cha nadharia kina sura nzima juu ya kupanga sauti za akodi. Mkongo ameifanyia kazi kwa kubadilisha uzi mmoja.

Na kwa kuwa tuko Kisangani, siwezi kuacha kumtaja mtoto wa mji huu, Diblo Dibala, aliyezaliwa hapa mwaka 1954 kabla ya kwenda Kinshasa na hatimaye Paris, ambako gitaa lake lilisikika katika albamu Iyole ya Kanda Bongo Man mwaka 1981. Watu humsifu kwa kasi. Mimi nawaomba vijana mpunguze mwendo wa rekodi zake kwenye simu zenu, kitu ambacho sisi tulifanya kwa kidole juu ya sahani, mhesabu: kimoja, viwili, viwili, kimoja. Kasi itakuja yenyewe. Mtashangaa jinsi alivyo mtulivu ndani ya mwendo ule.

4. Do mbili katika mji mmoja

Jambo hili linatugombanisha bila sababu. Shule zetu na kanisa Katoliki zimefuata njia ya Kifaransa: do ni sauti moja, haihami. Wamisionari Waprotestanti wa Uingereza walieneza Afrika solfeji ya John Curwen, iliyoandikwa kwa herufi, ambamo do ni sauti ya kwanza ya wimbo wowote, mahali popote unapoanzia. Kwa hiyo kwenye harusi moja ya Makiso unaweza kumkuta mwanakwaya wa Kiprotestanti anayesema “tuanze kwenye do” na mpiga gitaa anayeshika umbo la do, na wote wawili wako sahihi, na wimbo unaharibika.

Mpiga gitaa mwenyewe naye ana do ya tatu. Akifunga kapo kwenye chuma cha 2, iwe ya dukani au ya kalamu na mpira, anashika umbo la do lakini inalia re. Kisha aje mpiga tarumbeta wa fanfari. Tarumbeta yake ni ya si bemoli: sauti anayoiita do ni si bemoli kwetu. Mpiga gitaa akisema kwa furaha “tupige la,” maana la ni rahisi kwake, tarumbeta inatakiwa kusoma katika si, yenye diezi tano. Akisema “mi,” tarumbeta ina diezi sita. Wapiga tarumbeta wetu hukasirika, nasi hudhani ni watu wenye kiburi. Hapana, tumewapa mzigo bila kujua. Mkitumia fa au si bemoli wao hupumua, na ninyi mna kapo.

Ushauri wangu ni kutumia namba. Sauti ya kwanza ya wimbo ni 1, nyingine zifuate hadi 7. Mzunguko wa sebene uandikwe 1, 4, 1, 5 au 1, 4, 5, 4, vyovyote ulivyo. Juu ya ukurasa andika mara moja: 1 ni fa. Mprotestanti ataelewa, Mkatoliki ataelewa, Mkimbanguisti ataelewa, na mwimbaji akitaka kushusha, unafuta neno moja tu juu ya ukurasa.

5. Mahali karatasi inapotushinda

Nisije nikaonekana muuza vitabu. Katika mizani ya mapigo, nadharia iliyoandikwa Ulaya inatusaidia kidogo, na tusiogope kusema hivyo.

Tupige makofi. Hesabuni mapigo madogo 16 kimoyomoyo, na mpige kwenye la 1, la 4, la 7, la 11 na la 13. Tena, pande zote. Mnaijua hiyo. Sahani za muziki wa Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kutolewa mwaka 1933, ya kwanza ikiwa na El Manicero, na watu wa Congo waliposikia mapigo yale waliyatambua kama ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Mistari mitano inaweza kuyaandika makofi hayo bila taabu. Tatizo ni linapokuja gitaa. Mpiga kusindikiza anaanza mzunguko wake hapa, mi-solo anaanza wake baada yake, solo anaingia kabla ya wote. Kila mmoja ana “moja” yake. Anayeandika noti analazimika kuchagua moja ya mtu mmoja na kuwaandika wengine kama waliochelewa. Hakuna aliyechelewa.

Nimewahi kuona vijana wakisoma sebene iliyoandikwa vizuri na kuipiga sahihi kabisa, noti zote zipo, na hakuna aliyeinua mguu. Hawakukosea noti. Waliweka uzito wote mahali ambapo karatasi ilichora mstari wa kugawa mizani. Hapa ndipo wanaosema Franco hakuhitaji karatasi wana haki, nami nawapa haki yao yote. Dawa si kutupa karatasi. Makofi yafundishwe kwanza, mwanafunzi aweze kupiga mapigo matano yale kwa mguu huku akiimba mstari wa mi-solo, ndipo aguse gitaa, ndipo aguse kalamu. Na wasomi wa Chuo Kikuu watafute namna ya kuandika mizunguko inayoanza mahali tofauti. Hiyo ni kazi ya tasnifu, na haiwezi kufanywa vizuri na mtu asiyeishi karibu na okestra.

6. Wanaoogopa kwamba nadharia itaua moyo

Hawa nitawajibu kwa historia, kwa haraka. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa la jazi, alifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa kazi ya studio ya CEFA akiwa na gitaa la umeme na akodi za jazi. Vijana wa Kinshasa walimtazama mikono, wakachukua walichotaka, wakaacha kilichobaki. Rumba haikugeuka jazi. Mwaka 1961 Manu Dibango, Mkameruni aliyesoma muziki Ufaransa, alikuja kujiunga na African Jazz ya mwimbaji Kabasele. Aliyesoma noti na wasiozisoma walipanda jukwaa moja, na hakuna anayesikiliza rekodi zile leo akasema zina baridi.

Wanaosema wamechelewa, wana umri, wana watoto, wawatazame wenzao wa Kinshasa. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya simfoni ya Wakimbanguisti mwaka 1994. Wanamuziki wake wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao za mchana, na walijifunza kusoma noti wakiwa wakubwa, wakigawana ala chache zilizokuwapo. Filamu Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha wakijiandaa kupiga simfoni ya tisa ya Beethoven. Nasi hapa tunaombwa kuandika namba kutoka 1 hadi 7.

Tufanye nini kuanzia sasa

Nina maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za serikali.

Kwanza, kila okestra na kila kwaya yenye gitaa iwe na daftari. Ukurasa mmoja kwa wimbo mmoja: jina la wimbo, jina la mtunzi, 1 iko wapi, mzunguko wa akodi kwa namba, mahali mi-solo anapoingia, na makofi. Jina la mtunzi lisisahauliwe, maana mabishano mengi ya haki za mtunzi huanzia kwenye ukurasa ambao haukuandikwa.

Pili, walimu wa kwaya na wapiga gitaa wabadilishane. Mwalimu wa kwaya anajua kusoma lakini mara nyingi hajui kwa nini gitaa linakwama kwenye wimbo wake. Mpiga gitaa anajua mahali pa kukwamua lakini hajui kuandika. Saa moja kwa juma inatosha. Mjini kwetu makanisa hayako mbali na baa, na sijawahi kuona nyimbo zikigombana njiani.

Tatu, nawaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu mwende kwa wazee na simu zenu, mkaketi nao mchana wakati hawana haraka. Msiwaombe wapige kama jukwaani. Waombeni wapige polepole, uzi mmoja mmoja, kisha wawaambie wanavyoviita vitu wenyewe: mkono huu unaitwaje, mzunguko huu ulitoka wapi, uzi huu ulibadilishwa lini na nani. Majina hayo ndiyo yatakayokuwa kitabu chetu cha nadharia, na kikitoka kiandikwe kwa Kiswahili na Lingala kabla ya Kifaransa, ili anayepiga akisome mwenyewe.

Wazee wetu mlio hapa, mkiwaona vijana hao wamefika uani, tafadhalini msiwafukuze kwa kusema gitaa halifundishwi. Ninyi mlifundishwa, hata kama mwalimu alikuwa kaka au sahani ya santuri. Na walimu wa kwaya waliokwisha kukubali kutoa saa yao ya juma, pamoja na wapiga gitaa wanaotaka kuanza na daftari, nawaomba mbaki ukumbini baada ya maswali, tuandikishane majina na tuchague siku.